Kukagua na Kukadiria Bei ya Mashua ya Matanga Iliyotumika: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Nairobi

Mnunuzi wa Nairobi ana shida ambayo mwenzake wa Mombasa hana. Mashua anayoitaka iko karibu kilomita 500 kutoka kwake, na kwa wiki kadhaa anaijua kwa picha za WhatsApp tu. Picha huonyesha magodoro ya ndani, rangi mpya na machweo ya Kilifi. Hazionyeshi vitu vitatu vinavyobeba bei yote: mwili wa chombo, mkuku (pezi zito la chini linaloiweka mashua wima) ulivyofungwa, na vyuma vinavyoushika mlingoti. Hivyo vitatu vikiharibika, gharama ya kuvirekebisha inaweza kupita bei ya mashua yenyewe. Kwa hiyo ndivyo vya kukagua kwanza, na ndivyo nitakavyokaa navyo zaidi hapa.

Ninazungumzia hasa mashua za faiba za futi 20 hadi 32, zenye kijumba cha kulala na injini ndogo. Vyombo vidogo vya Naivasha na mashua za mbao vina sehemu yao mbele.

Amua maji kabla ya kuamua mashua

Zamani mtu wa Nairobi aliweza kutweka tanga bila kutoka jijini. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kati ya Lang'ata na Kibera, lilikuwa na klabu yake ya matanga, hadi taka na magugumaji yalipolifunika. Leo maji ya karibu yenye upepo wa kutosha ni Ziwa Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, kisha Ziwa Viktoria kule Kisumu, kisha bahari.

Mashua yenye mkuku mzito usiokunjika haifai Naivasha. Kingo ni matope na mafunjo, na kina cha ziwa hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Pale unataka chombo kinachovutwa na gari kwa trela. Ukitaka cha kulala ndani na kwenda Lamu au Pemba, basi ni Kilifi, Mtwapa au Mombasa, na ujue kwamba mashua itaishi huko. Kuipandisha hadi Nairobi si jambo la kufanya kila likizo.

Maswali ya simu, kabla ya kukata tiketi

Usipande treni mpaka upate majibu haya. Nyaya za mlingoti zilibadilishwa mwaka gani? Mara ya mwisho mashua ilipandishwa nchi kavu lini? Imewahi kugonga mwamba? Ushuru wa forodha ulilipwa, na karatasi ziko wapi? Je, inadaiwa kodi ya maegesho pale ilipo?

Kisha omba picha mbaya, si nzuri: ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ambapo maji hukusanyika, chini ya injini, mahali mkuku unapokutana na mwili, na mabamba ya chuma yanayoshika nyaya, yakipigwa picha kwa ndani. Muuzaji mkweli atasema, "Sawa ndugu yangu, nipe mpaka jioni." Anayekujibu kwamba mashua iko sawa na uje tu uone, mwache aendelee kumsubiri mtu mwingine.

Omba pia namba ya mwili. Marekani ilianza kuilazimisha mwaka 1972 kwa herufi na tarakimu 12, na Umoja wa Ulaya tangu 1998 kwa 14. Huchongwa nyuma, upande wa kulia, na tarakimu zake za mwisho zinaonyesha mwaka wa modeli. Mashua inayotangazwa kuwa ya 2004 huku namba ikisema 1996 imeshakwambia jambo kuhusu tangazo zima.

Chagua siku kwa mwezi

Pwani ya Kenya ina zawadi kwa mkaguzi. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita tatu na zaidi, na maji hupwa kabisa asubuhi, karibu saa nne au saa tano. Mashua nyingi zinaweza kuegemezwa kwenye nguzo au kulazwa mchangani, zikaachwa na maji kwa saa kadhaa. Unaona tumbo lote bila kulipia winchi. Mwombe mwenyewe apange hivyo. Maji mafu, yaani siku ambazo kujaa na kupwa hutofautiana kidogo, hayakusaidii chochote, utaishia kuangalia sitaha na kunywa soda.

Msimu nao ni muhimu. Kusi linapoanza kuvuma kwa nguvu baada ya Aprili, mvua za masika zikiwa juu, wamiliki wengi huegesha vyombo. Wanaouza wakati huo huwa tayari kuzungumza bei kuliko Desemba, kaskazi linapokuwa tulivu na kila mtu anataka kwenda baharini. Tena mvua hukuonyesha sitaha inavuja wapi.

Vifaa vya kubeba ni vichache: nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, tochi ya kichwani, kioo cha mkononi, kioo cha kukuzia, mita ya umeme ya Luthuli, bisibisi, pamba, taulo kuukuu na daftari. Kisu kiache nyumbani. Mizigo hukaguliwa kule Syokimau kabla ya kupanda treni.

Mwili: gonga na usikilize

Anza omo, yaani mbele, na uende hadi tezi, yaani nyuma, mstari kwa mstari, ukigonga kila baada ya sentimita tano hivi, kama mama anayechagua nazi sokoni. Faiba nzima hutoa sauti kali na fupi. Ukisikia sauti butu, ya kufa, weka alama kwa chaki, kwa maana hapo tabaka zimeachana au maji yameingia. Usikimbilie kuhukumu. Nyuma ya sehemu hiyo panaweza kuwa na kabati au ukuta wa ndani unaobadilisha sauti, kwa hiyo ingia uhakikishe. Alama mbili tatu ndogo zinatengenezeka. Eneo pana kama meza ya kulia chakula ni sababu ya kurudi Nairobi.

Kisha tafuta malengelenge chini ya mstari wa maji. Faiba hunywa maji polepole, na maji hayo yakichanganyika na kemikali zilizobaki ndani hutengeneza vipele vyenye majimaji ya harufu kali ya siki. Joto huharakisha jambo hili, na maji baridi yasiyo na chumvi hulizidisha, kwa hiyo mashua iliyokaa miaka majini katika ziwa ikaguliwe kwa ukali zaidi. Vipele vichache ni suala la bei. Tumbo lililojaa vipele linahitaji kukwanguliwa, kukaushwa kwa miezi na kupakwa upya, na gharama yake hulipi wewe peke yako: inatoka kwenye bei.

Panda sitaha, na uvue viatu. Sitaha nyingi za faiba zina kiini cha mbao laini ya balsa au povu katikati. Maji hupenya kupitia tundu za skrubu, kiini kikaoza, na juu kukaonekana sawa kabisa. Nyayo zako zitasikia kabla ya macho: panabonyea, au panatoa sauti ya unyevunyevu. Kanyaga hasa kuzunguka mlingoti, winchi na nguzo za ukingo. Kipimo cha unyevu ni kizuri mikononi mwa anayekijua, lakini rangi ya chini yenye shaba na chumvi iliyoganda humdanganya mgeni, na chombo kilichotoka majini jana hakipimiki.

Mkuku

Piga magoti mahali mkuku unapokutana na mwili. Ufa mwembamba wa rangi pale mbele ni wa kawaida kwa mashua nyingi. Ufa unaoingiza ukucha, ulio na michirizi ya kutu inayoteremka, si wa kawaida: bolti zinazoshika mamia ya kilo za chuma au risasi zinaliwa.

Sasa ingia ndani, utoe mbao za sakafu, na ukaushe ngama kwa taulo. Hapa watu wengi huharakisha kwa sababu ya harufu. Tulia. Tazama kila bolti na nati yake. Kisha tazama mbavu za faiba, hasa zile za nyuma ya mkuku. Mashua ikigonga mwamba kwa mbele, ncha ya nyuma ya mkuku husukumwa juu, na hapo ndipo mbavu hupasuka au kubanduka. Miamba ya mlangoni mwa hori za pwani yetu haina huruma. Mbavu iliyopakwa rangi mpya peke yake, huku ngama nyingine yote ikiwa chafu, inataka maelezo.

Usukani uushike kwa mikono miwili na uutikise. Mchezo kidogo ni bushi ya kubadilisha. Kisha angalia chini yake saa mbili baada ya maji kupwa. Usukani ukiendelea kutoa matone, maji yamo ndani yake na chuma chake kinaoza gizani.

Mlingoti na nyaya zake

Mlingoti haushikwi na nguvu zake wenyewe. Unashikwa na nyaya za chuma cha pua, na waya mmoja ukikatika katika upepo wa kusi, mlingoti unaanguka juu ya watu. Kanuni inayotumiwa na makampuni mengi ya bima ni kubadilisha nyaya kila miaka kumi hivi. Kwa jua na chumvi ya hapa, mimi singenyoosha zaidi ya hapo hata siku moja.

Chukua pamba, ifunge kwenye waya, na uipitishe kutoka chini kwenda juu kadiri mkono unavyofika. Ikinasa, kuna uzi uliokatika. Waya huo umekwisha, na wenzake wa umri mmoja nao wamekwisha. Kisha tazama kwa kioo cha kukuzia pale waya unapoingia kwenye bomba dogo la chuma lililobanwa. Ufa mwembamba kama unywele unaotembea kwa urefu wa bomba, au kutu inayochungulia mdomoni mwake, maana yake ni ileile. Chunguza zaidi ncha za chini, kwa kuwa maji ya chumvi huteremka na kutuama huko.

Halafu kuna mabamba yanayopita kwenye sitaha na kufungwa ndani. Chuma cha pua kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikizibwa ndani ya sitaha yenye unyevu hutafunwa pasipoonekana: juu kinang'aa, chini kinang'aa, katikati kimebaki nusu. Njia ya uhakika ni kuchomoa bamba moja. Mwambie fundi kwa adabu, "Fundi, tufunge mlingoti kwa kamba tufungue hili moja tuone." Mwenyewe akikataa kabisa, hesabu kwamba yote yanabadilishwa na uandike gharama hiyo kwenye daftari mbele yake.

Mlingoti ukisimama juu ya sitaha, angalia kama sitaha imezama chini yake. Ishara rahisi ni mlango wa ndani ulio karibu nao kukataa kufunga.

Matanga na kamba

Matanga ya pwani yetu huuawa na jua zaidi kuliko upepo. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, jua limeumaliza, ingawa nguo bado ni nzima, na kushonwa upya huenda kukatosha. Ukikunja kitambaa na kukisugua kikalegea kama shuka, au kikapasuka kwa kuvutwa, hilo si tanga tena. Tanga la mbele linaloviringishwa likague ukingo wake wa nje, ambao hubaki juani mwaka mzima. Tandaza kila tanga chini kwenye nyasi na uhesabu viraka. Kamba za henza na demani, za kupandishia na kuongozea tanga, ni bei ndogo, zipite haraka.

Injini, vali, umeme

Ufike injini ikiwa baridi, na uiguse kwanza. Yenye moto imewashwa kabla hujaja, na mara nyingi kuna sababu. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya maziwa ni maji ndani. Ikiwaka, moshi mweupe wa mwanzoni si neno, ila usipokoma ni maji au dizeli isiyoungua. Wa bluu ni oili, na mweusi usiokoma ni mzigo mkubwa au mafuta kupita kiasi. Maji lazima yatoke na moshi kwa mfululizo. Iache ifanye kazi nusu saa mashua ikiwa imefungwa gatini, gia ikiwa ndani. Kama ni injini ya nje, pima mgandamizo wa kila silinda na ulinganishe. Vipuri vya Yamaha vinapatikana karibu kila bandari ya pwani, na hilo lenyewe lina thamani.

Vali za chini ya mstari wa maji zinastahili dakika zaidi. Kwaruza kidogo kwa bisibisi. Rangi ya njano ni afya, rangi ya waridi ni zinki imekwisha kutoka ndani ya metali na vali inaweza kuvunjika mkononi. Jaribu kufunga kila moja. Isiyofunga ni ya kubadilisha.

Umeme: fungua sanduku la swichi. Kijani kwenye shaba na nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na selotepu vinamaanisha kazi ya kuanza upya. Skrini na redio kuukuu zisikuvutie, hazina bei.

Jaribio la majini

Ukiwa umeridhika hadi hapo, toka nayo na mwenyewe. Pandisha matanga yote, nenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, pande zote mbili, na uangalie nyaya za upande wa chini ya upepo. Kulegea kidogo ni sawa, kuning'inia si sawa. Mtu mmoja abaki ndani akisikiliza milio na kuitazama ngama, kwa sababu mashua ikilala ndipo siri zake huvuja.

Ikiwa bei ni kubwa kuliko unayoweza kupoteza, mlipe mkaguzi wa vyombo asiyefahamiana na muuzaji. Ripoti yake utaihitaji pia kwa bima.

Vidogo vya Naivasha, na vya mbao

Laser, mashua ndogo ya mtu mmoja, ni rahisi kupima: mwili wake mtupu una uzito wa kilo 59 kiwandani. Upime. Kilo nyingi za ziada ni maji yaliyonywewa na povu la ndani. Kisha mimina maji kwenye tundu la mlingoti. Yakishuka kiwango, tundu linavuja, na siku yenye upepo mlingoti utaling'oa. Hobie 16, mashua yenye miili miwili, uibonyeze kwa kidole gumba juu ya miili hiyo, mbele ya mlingoti. Pakibonyea, faiba imeachana na povu. Na trela uikague kama chombo cha pili: beringi, matairi, kutu chini ya fremu.

Mashua ya mbao ya Lamu au Mtwapa huhitaji jicho la fundi, na fundi wa huko atakushinda wewe na mimi. Choma kwa bisibisi mkuku, fashini (nguzo za omo na tezi) na mataruma (mbavu). Tafuta tundu za wadudu wa maji wanaotoboa mbao, na misumari iliyolia kutu. Uliza kalafati, pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, ilipigwa lini na mbao ni za nini. Mvule hudumu, mwembe unaoza mapema. Mashua ya mbao inayovuja kidogo baada ya kukaa nchi kavu si mbovu, mbao zitavimba. Inayovuja baada ya wiki majini ndiyo ya kuogopa.

Karatasi

Hapa ndipo mnunuzi wa Nairobi huumia zaidi, maana mashua nyingi nzuri za Kilifi zilikuja na wageni wanaozunguka dunia. Chombo cha mgeni huingia kwa ruhusa ya muda bila kulipiwa ushuru. Siku anapokuuzia wewe mkazi, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine huwa deni. Dai hati ya forodha ya KRA inayoonyesha vimelipwa. Isipokuwepo, nenda kwa wakala wa forodha upate hesabu kabla ya kutaja bei yoyote. "Tutamalizana baadaye" haikubaliki.

Ona cheti cha usajili, cha KMA (mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya) au cha nchi ya bendera yake, na upate hati ya kuifuta huko ikiwa itasajiliwa Kenya. Jua kwamba kuandikishwa katika daftari la vyombo vidogo la Uingereza hakuthibitishi umiliki, kwa hiyo taka mkataba wa mauziano uliomfanya huyu kuwa mwenyewe. Ofisi ya maegesho ikupe barua kwamba haidaiwi.

Hesabu ya bei

Kenya haina soko kubwa la mashua zilizotumika, kwa hiyo bei ya muuzaji ni maoni yake tu. Tafuta modeli ileile ikiuzwa Uingereza na Afrika Kusini, ikiwa katika hali nzuri, ubadilishe kwa shilingi. Kama hii ya hapa imelipiwa ushuru, ongeza kiasi, kwa sababu kuileta nyingine kungekugharimu meli na kodi. Hiyo ndiyo bei ya chombo kizima, na kutoka hapo unatoa.

Tuseme kwa mfano wa hesabu tu kwamba chombo kizima kingekuwa 1,500,000, na muuzaji anataka 1,200,000. Umepata bei za mafundi: nyaya zote 220,000, tanga kuu 180,000, vali 60,000, kupandisha na rangi ya chini 70,000. Jumla 530,000. Ongeza asilimia 20 ya yasiyoonekana, 106,000, upate 636,000. Inabaki 864,000.

Muuzaji atasema, na ana haki, kwamba tanga jipya litaifanya mashua kuwa bora kuliko ya wastani. Kama la zamani lingeweza kudumu miaka miwili zaidi, mkatie nusu ya bei yake tu, 90,000. Kwa nyaya na vali usikubali kupunguza hata shilingi, kwa sababu chombo hakitoki bandarini bila hivyo. Kwa hiyo ungeanza na 850,000 na kufika 950,000. Mpe orodha yako ya daftari aisome. Bei inayotajwa pamoja na picha ya bolti iliyoliwa humwudhi mtu kidogo kuliko bei inayotajwa hewani. Kumbuka pia kwamba mabaharia wengi hukadiria matunzo ya mwaka kuwa karibu asilimia 10 ya thamani. Kama huna hiyo, nunua ndogo zaidi.

Lipa arubuni kwa mkataba unaosema itarudishwa ukaguzi ukifeli, na salio kupitia benki, si vipandevipande vya M-Pesa ambavyo kwa muamala mmoja haviwezi kuzidi 250,000. Siku ya makabidhiano hesabu matanga, nanga na mnyororo, mkono wa winchi, funguo na pampu dhidi ya orodha iliyo kwenye mkataba, muuzaji akiwa amesimama pale, kisha ndipo utie sahihi.